Kila Mwalimu ni Mwalimu wa Kusoma

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Ifakara mbele ya walimu wa masomo ya jamii wa shule za sekondari pamoja na watumishi wa idara ya elimu.



Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa masomo ya jamii, yaani Historia, Jiografia na Uraia, katika shule zetu za sekondari. Nami nimeona nisizunguke mbuyu. Nitasema juu ya jambo moja tu, nalo ni kusoma. Sina maana ya kusoma kule tunakokutaja tunaposema "mtoto wangu anasoma Ifakara", yaani yuko shuleni. Nina maana ya mtu kuchukua maandishi, kuyapitia kwa macho, na kuelewa yanasema nini, yamesemwa na nani, na yanataka afanye nini. Mtoto anaweza kusoma kwa maana ile ya kwanza kwa miaka kumi na moja, asisome kwa maana hii ya pili hata siku moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha tatu katika shule moja ya bonde hili. Kipindi kilikuwa cha Historia, na mada ilikuwa Vita vya Maji Maji. Mwalimu, kijana mwenye bidii, alimwinua binti mmoja asome aya moja ya kitabu. Binti akasoma kwa sauti safi, bila kukwama, na matamshi yake ya Kiingereza yangemfurahisha mkaguzi yeyote. Alipomaliza, mwalimu akamsifu, akageukia ubao, akaanza kuandika maelezo ya kunakili. Baada ya kipindi nilimwita yule binti, nikamwomba anieleze, kwa lugha yoyote aipendayo, aya ile ilikuwa inasema nini. Akanyamaza. Nikamwekea kidole juu ya neno moja kitabuni: Mahenge. Nikamuuliza, "Hapa ni wapi, mwanangu?" Akainama kwa aibu, akasema, "Mzee, Mahenge ni nyumbani kwa bibi yangu. Sikujua kwamba ndiyo hiyo."

Ndugu walimu, jambo lile halijanitoka moyoni. Mtoto alikuwa amesoma kwa kinywa chake habari za babu zake, katika mahali anapokwenda wakati wa likizo kwa kuvuka mto huu wetu, na habari zile zikampita kama upepo. Hakuwa mjinga. Wala mwalimu wake hakuwa mvivu. Alikuwa akifundisha kama alivyofundishwa. Kosa lilikuwa katika desturi tuliyoizoea sote, ya kudhani kwamba mtoto akishatamka maneno basi amekwisha kusoma, na kwamba kumfundisha kuelewa maandishi ni kazi ya mwalimu wa lugha peke yake.

Taifa letu si geni katika vita ya kusoma. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, takribani theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, katika maghala na katika majengo ya misikiti na makanisa. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39, na kwa hesabu za serikali za mwaka 1986 walibaki asilimia 9.6.

Katika kazi ile yamo mafunzo mawili yanayotuhusu leo. La kwanza ni kwamba watu wazima wale hawakufundishwa herufi tupu. Katika mradi uliofanyika mikoa ya Ziwa kuanzia mwaka 1968, mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu kilichozungumza habari za pamba. Alisoma jambo alilokuwa nalo mkononi. La pili ni kwamba kusoma hufa kusipotumika. Ndiyo maana lilianzishwa gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, ili aliyefaulu darasani apate cha kusoma akiwa nyumbani. Pale yalipokosekana maandishi, watu walirudi walikotoka.

Sasa tujitazame. Watoto wetu wa sekondari wanajua herufi zote. Lakini wengi wao wako mbele ya kitabu cha Jiografia kama mkulima yule angekuwa mbele ya kitabu kisichozungumza habari za pamba: herufi anaziona, jambo halioni. Hupita mtihani kwa kukariri na husahau kwa haraka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Afadhali tuyaseme wenyewe.

Kwa nini nasema ni kazi ya mwalimu wa masomo ya jamii? Kwa sababu kila somo lina usomaji wake. Hadithi haisomwi kama sheria, na sheria haisomwi kama ramani. Mwalimu wa Kiingereza atamfundisha mtoto sarufi, lakini hatamfundisha kuhoji ripoti ya mkoloni. Mwalimu wa Kiswahili atamfundisha ushairi, lakini hatamfundisha kusoma jedwali la mvua. Kazi hizo ni zetu. Naomba nizieleze moja moja, kwa mifano ya bonde hili.

Nianze na Historia. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga waliishambulia boma ya Wajerumani pale Mahenge, nao walipigwa kwa bunduki za rasharasha. Hilo mwanafunzi hunakili ubaoni. Lakini hebu tumpe kazi ya kusoma. Tuchukue sentensi chache za kitabu cha shule. Kisha tutafute masimulizi ya wazee. Mnamo mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda katika sehemu zilizopigana vita vile, wakawauliza wazee waliokuwa bado hai, na yale waliyoyakusanya yakatolewa mwaka 1969. Hatimaye tuchukue kitabu kilichotolewa mwaka 1935 na Bwana na Bibi Culwick juu ya Wabena wa bonde hili, ambacho ndani yake imo sura ya Mtema Towegale Kiwanga. Ukoo wa Kiwanga, wakati wa vita, ulikuwa upande wa Wajerumani.

Tukiwa na maandishi hayo matatu, hata kwa aya moja moja tu zilizonakiliwa kwenye karatasi, mwalimu aweke ubaoni maswali matano: Nani anasema? Alisema lini? Alikuwa akimwambia nani? Alitaka aaminiwe nini? Ameacha kusema nini? Hapo mwanafunzi atagundua kwamba bonde hili halikuwa na kauli moja mwaka 1905. Kwamba mzee wa Kipogoro aliyepoteza ndugu zake na mtu wa ukoo uliosimama na boma hawawezi kuisimulia siku ile kwa namna moja. Atagundua pia kwamba kitabu chake cha shule nacho kimeandikwa na mtu, na kwamba mtu huyo alichagua la kusema na la kuacha.

Hata hesabu husomwa. Upande wa Wajerumani ulikadiria kwamba watu 75,000 walikufa katika vita vile. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tusimwambie mtoto akariri tarakimu moja. Tumuulize: tofauti hii imetoka wapi? Nani alihesabiwa na nani hakuhesabiwa? Waliokufa kwa njaa iliyofuata, baada ya mashamba na maghala kuchomwa, wamo au hawamo? Mtoto aliyelijibu swali hilo kwa akili yake hatalisahau jibu lake, wala hatadanganywa kirahisi na tarakimu atakazokutana nazo ukubwani.

Nije kwenye Jiografia. Ramani ni maandishi, na watoto wengi hawajafundishwa kuyasoma, wamefundishwa kuyachora. Chukueni ramani ya bonde hili. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976 na yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, inaingia kwetu Kidatu, inapita Mang'ula na Ifakara, inakwenda Mlimba, kisha inapanda kuelekea Makambako. Mwambieni mwanafunzi aifuate njia ile kwa kidole, kisha aeleze kwa nini katika sehemu ndefu imekaa chini ya safu ya Udzungwa badala ya kukata katikati ya bonde. Jibu limo katika ramani ile ile: limo katika mistari ya kontua, katika rangi ya ardhi oevu na katika matawi ya mto. Lakini hataliona asipofundishwa kwamba ramani huulizwa maswali.

Kisha aandike. Nasisitiza kuandika, kwa sababu kusoma na kuandika ni kama jembe na mpini wake. Asiandike ukurasa mzima. Aandike sentensi tatu zenye neno "kwa sababu", neno "ijapokuwa" na neno "kwa hiyo". Maneno hayo madogo ndiyo viungo vya fikra. Mtoto anayeweza kuandika kwamba Mto Kilombero huupatia Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na kwa hiyo yanayofanyika katika vyanzo vya maji vya bonde hili yanaligusa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, mtoto huyo ameunganisha shamba la baba yake na taa ya Dar es Salaam. Hiyo ndiyo Jiografia. Kuorodhesha faida sita za mito si Jiografia bado.

Sasa Uraia, na hapa ndipo palipo na uzito mkubwa kuliko pote. Ndugu zangu, ninyi mnalijua bonde hili. Lina wakulima wa mpunga, lina wafugaji, lina wavuvi, lina mashamba makubwa ya miwa, lina hifadhi. Tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu. Mwaka 2012 mifugo mingi iliondolewa bondeni kwa operesheni ya serikali. Kila mwaka kuna tangazo, kuna mpaka, kuna mpango wa matumizi ya ardhi, kuna karatasi ya kutia sahihi. Ni nani katika familia anayesomewa karatasi zile, na ni nani anayezisoma? Mara nyingi baba humwita mtoto wake wa sekondari: "Njoo, wewe msomi, tusomee hapa." Na msomi husoma kwa sauti safi kama yule binti, kisha wote wawili hubaki wakitazamana.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaeleza kwamba halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hiyo ni sentensi moja. Lakini tazameni ni mambo mangapi yamo ndani yake. Kuna vyombo viwili, halmashauri na mkutano mkuu, ambavyo asiye makini huvichanganya. Kuna neno "hairuhusiwi", ambalo si sawa na "inashauriwa". Kuna neno "kabla", ambalo likiachwa sheria yote inageuka. Mwalimu wa Uraia aandike sentensi hiyo ubaoni, aigawe darasa makundi, na kila kundi lijibu: nani anakatazwa, anakatazwa nini, mpaka litokee jambo gani? Kisha wabadilishe neno moja moja na kuona maana inavyohama. Zoezi hilo huchukua kipindi kimoja, halihitaji kitabu, na huenda likaokoa shamba la mtu.

Ndugu Mwenyekiti, siwezi kumaliza bila kugusa suala la lugha, maana najua liko vichwani mwenu tangu nilipoanza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali ya wakati ule iliamua Kiingereza kiendelee. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Vilevile, kwa marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na mahakama zetu. Mimi ni miongoni mwa wanaofurahia hatua hizo.

Hata hivyo nina tahadhari. Mtoto anaweza kunakili na kukariri kwa Kiswahili vilevile. Nimewaona wanaoweza kuandika "ubeberu" mara kumi katika insha moja bila kujua beberu alitaka nini. Kiswahili kinamfungulia mtoto mlango, lakini anahitaji mwalimu wa kumwonyesha mle ndani. Mtoto huyu hajui bado kwamba tawala, mtawala, utawala na kutawaliwa ni maneno ya nyumba moja, na kwamba akilijua moja anaweza kuyafikia mengine. Basi kila mwanafunzi awe na daftari dogo la maneno ya somo, alijaze mwenyewe, kwa maelezo yake mwenyewe na mfano wake mwenyewe.

Na katika masomo yanayoendelea kwa Kiingereza, tusimwadhibu mtoto kwa kufikiri kwa Kiswahili. Aya isomwe kwa Kiingereza. Wanafunzi wazungumze juu yake kwa Kiswahili mpaka waielewe. Kisha waandike jibu kwa Kiingereza, maana ndicho watakachoulizwa katika mtihani. Baadhi yetu tunawavisha watoto kibao shingoni kwa kusema Kiswahili, halafu tunashangaa darasa likiwa kimya. Tumewanyang'anya kasia katikati ya mto, kisha tunawauliza kwa nini mtumbwi hauendi.

Najua majibu mtakayonipa. Mtasema madarasa yamejaa. Ni kweli, tangu shule za kata zilipoenea kwa mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, na tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, watoto wanaoingia ni wengi, na hilo ni jambo la kujivunia kabla ya kuwa jambo la kulalamikia. Mtasema vitabu havitoshi. Ni kweli pia. Mtasema msimu wa kuamia ndege ukifika nusu ya darasa iko shambani. Nalijua hilo, nami nimeamia. Mtasema muhtasari wa masomo ni mrefu na mtihani hauwasubiri.

Yote hayo nayakubali, lakini hakuna hata moja linalozuia haya ninayoyaomba. Aya moja ya sentensi tano hukaa ubaoni hata kama kitabu ni kimoja. Darasa la watoto 80 hugawanyika katika makundi ya watu watano watano. Gazeti la wiki iliyopita halijafa. Likatwe, libandikwe kwenye ubao wa matangazo, na kila Ijumaa kundi moja lieleze limesoma nini. Na mtihani wenyewe, kwa kadiri ninavyouona, watoto wengi hawauangushi kwa kutojua majibu. Wanauangusha kwa kutolielewa swali. Hujibu "eleza" pale walipoulizwa "linganisha". Muda tunaotumia kuwafundisha kusoma swali si muda uliopotea.

Nina maombi kwa wakubwa wetu pia. Ndugu Wadhibiti Ubora, mnapokuja darasani, msihesabu kurasa zilizonakiliwa katika daftari la mtoto. Daftari nene linaweza kuwa ushahidi wa mwaka mzima wa kunyamaza. Mwiteni mtoto mmoja, mwonyesheni aya aliyoinakili jana, mwombeni aieleze. Ndugu Wakuu wa Shule, wapeni walimu wa masomo ya jamii na walimu wa lugha saa moja kwa mwezi wakae pamoja na kuchagua maneno na maandishi watakayoyashughulikia kwa umoja. Na chumba kile kinachoitwa maktaba, ambacho katika shule nyingi kina kufuli kubwa kuliko vitabu vyake, kifunguliwe. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa hakijapotea.

Ndugu walimu, zamani kutoka Ifakara kwenda Mahenge ilikuwa lazima tungoje pantoni pale mtoni, na Januari 2016 pantoni ile ilizama. Leo tunapita juu ya Daraja la Magufuli lililofunguliwa mwaka 2018. Yule binti wa kidato cha tatu naamini amelivuka mara nyingi kwenda kwa bibi yake. Ningependa mdogo wake, atakapovuka, ajue ni nini kilichotokea ng'ambo ile, nani wamekiandika, na kwa nini hawakuandika sawasawa. Ningependa baba yake atakapomwita na kumkabidhi karatasi ya kijiji, aketi chini, asome taratibu, kisha aseme: "Baba, usitie sahihi kwanza. Hapa wanasema hivi."

Kazi hiyo inaweza kuanza Jumatatu, kwa aya moja.